Kipande Alichokikata Kiwewe

Kufikia saa nane mchana Betina Chaula alikuwa ameshaua watu wanne, na sauti yake ilikuwa inataka kuwa maiti ya tano.

"Anaambiwa usiingie stoo, yeye anaingia," alisema kwenye maiki, kipande cha tangawizi kikiwa shavuni. "Tochi yenyewe mpaka uipige makofi ndio iwake. Haya mwanangu, ingia tu. Nyumbani tumeshapika pilau la msiba."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ukumbi wenyewe ni banda la mabati na mbao za paina, mabenchi kumi na mbili, watu wamejifunika makoti na mablanketi, maana Ikungwe hata mchana wa jua baridi inauma mpaka kwenye meno. Mbele kabisa, katikati, kilikuwepo kiti kimoja chenye mgongo, kimefungwa kwa boliti sakafuni. Kiti cha shujaa. Tutakifikia.

"Kiwewe! Mwambie ageuke!" mama mmoja akapiga ukelele.

"Nimwambie mara ngapi, mama? Hanisikii, yuko Ulaya."

Kiwewe ndilo jina lake la kazi. Miaka kumi na tano anakaa kwenye kijichumba nyuma ya ukumbi, dirisha moja la kutazama skrini mbele, dirisha jingine dogo mgongoni kwa ajili ya hewa, na anaweka Kiswahili kwenye muvi za watu wengine. Kutafsiri, wanaita. Kutafsiri gani! Robo anatafsiri, robo tatu anatia chumvi. Na yeye hatafsiri mapenzi wala ngumi. Yeye ni muvi za kutisha tu. Tangu akiwa binti mdogo alikuwa anasikiliza simulizi za mizimu kwenye simu ndani ya blanketi, simu inamuunguza sikio, na asubuhi anaomba nyingine. Jini aliyekaa kwenye tangi la maji, maiti aliyerudi kudai viatu vyake, viumbe wa sayari za mbali wanaokuja kuchukua watu mashambani, vyote amevimeza. Shida ya kumeza sana ni kwamba siku hizi hakuna kinachomtisha. Anakaa pale anahesabu: sasa paka ataruka, watu watacheka, na wakishacheka tu, ndio kifo.

Paka akaruka. Watu wakacheka. Kifo.

Nyuma ya mgongo wake, kwenye lile dirisha dogo, maji yakadondoka. Ta. Ta. Ta.

Hakugeuka. Alijua nani yuko pale. Siku za ukungu tu ndio anakuja, anasimama nje ya dirisha, mrefu kama mlango, ngozi rangi ya kiazi kilichomenywa, kajitanda blanketi la kijivu alilolilowesha maji. Betina anamwita Blanketi. Ni mmoja wa Wageni kumi na moja waliobaki kule juu, ndani ya uzio. Askari wa uzio wakati wa ukungu hawaoni hata vidole vyao, basi yeye anashuka. Miaka sita hiyo. Haongei, Wageni hawaongei kabisa, ila anatetemeka. Na anatetemeka nusu sekunde kabla ya kifo, siyo baada.

Hiyo ndiyo dalili ya shabiki mzoefu. Mtu mgeni wa muvi za kutisha anaruka kikitokea kitu. Shabiki anaruka kabla, kwa sababu anajua.

*

Wageni walishuka miaka tisa iliyopita, wakachagua milima hii kwa sababu moja tu: ukungu. Kiumbe yule anavuta hewa kwa ngozi, na ngozi ikikauka ni sawasawa na samaki kwenye beseni tupu. Kwenye ukungu anaishi. Kwenye jua kali hata saa moja hamalizi.

Na hawana maneno, wana picha. Waligawa gololi, vidude vya kioo saizi ya jicho la ng'ombe. Ukiiweka gololi karibu na shuka lililoloa inarusha picha zinazotembea, hazina sauti. Ikungwe ilipewa moja. Kamati ikaangalia ikakuna kichwa, halafu mtu akasema, si tunaye Kiwewe? Picha bila sauti ndiyo kazi yake.

Betina akairekodi kwa simu, akaikata kwa simu, akaiwekea sauti kwa simu. Gololi yenyewe ikachukuliwa na wakubwa, ikafungiwa kwenye kabati kavu, ikapasuka. Kwa hiyo duniani kilichobaki ni nakala ya Betina. Aliipa jina *Mnyonya Nuru*, na nje ya ukumbi, kwenye ubao, akaandika kwa chaki maneno anayoyaandika kwenye kila muvi ya kutisha, yanayoandikwa kwenye kila kibanda cha video: TUKIO LA KWELI.

Nchi nzima iliiona. Mgeni mdogo anatembea peke yake kwenye bonde la maji. Nyuma yake kivuli. Halafu Mgeni mkubwa, ushungi wa nyama kichwani umepasuka katikati kama wa jogoo aliyepigana, anamwinamia mdogo, anaingiza vidole vitatu kifuani, anavuta uzi wa mwanga, anauvuta, anauvuta, mpaka mdogo anazimika.

"Mnaona?" ilisema sauti ya Kiwewe kwenye kila simu. "Hivyo ndivyo wanavyokula. Leo wa kwao, kesho wako."

Siku ya nne tangu ionyeshwe, yule mwenye ushungi uliopasuka alishuka mjini. Asubuhi, jua linawaka, peke yake. Alikuwa anaelekea ukumbini. Hakufika.

*

"Dada Kiwewe, wewe ni hazina," alisema Ramla. "Hujui tu."

Onyesho lilikuwa limekwisha, watu wametoka, na Ramla alikuwa amekaa juu ya benchi na miguu yote miwili, koti la manyoya, kikombe cha chai kakikumbatia kama mtoto. Alikuwa ametoka Dar kuja kutengeneza filamu kamili ya *Mnyonya Nuru*, yenye waigizaji na kila kitu. Naye ni mwendawazimu wa muvi za kutisha, wala Betina hakuweza kumchukia. Walishamaliza saa nzima wakibishana lipi linatisha zaidi, mlango unaofunguka wenyewe au mlango uliokataa kufunguka.

"Uliokataa," alisema Betina.

"Unaona? Ndio maana nakutaka wewe." Ramla akasogea. "Sasa, Alhamisi. Mtendaji ameniambia mkutano wa kata utakuwa humu humu, utaonyesha kile kipande, utatafsiri laivu, watu wanyooshe mikono Wageni wahamishwe. Mimi nakuja na kamera zangu. Huo ndio mwanzo wa filamu, dada! Watu halisi, hofu halisi."

"Unajua wanapelekwa wapi?"

"Kule nyanda za chini, si kuna kambi?"

"Kule mvua inanyesha mara mbili kwa mwaka, Ramla. Hata mbuzi wanakohoa vumbi."

"Si watawekewa matangi..." Ramla akaangalia chai yake. "Mimi sijui mambo ya serikali. Mimi ninachojua, filamu yangu jina lake la pili ni Tukio la Kweli. Bila hilo, nina watu wamevaa mavazi ya mpira ya kijivu, basi. Ni kweli, si ndiyo?"

Ta, yakadondoka maji kwenye lile dirisha dogo. Ta.

"Koo linaniuma," alisema Betina. "Tuongee kesho."

Na koo lilimuuma kweli. Lakini alipofika nyumbani hakunywa dawa, alivuta sanduku chini ya kitanda, akatoa simu yake ya zamani, kioo kina ufa. Ndani kulikuwa na kipande alichokikata. Dakika mbili na sekunde kumi na moja. Kitu pekee duniani kinachomtisha Kiwewe.

Vibanda vyote vya video hukata mwisho. Muvi ikiisha, yale majina yanayopanda kama mchwa nani anayataka? Taa zinawashwa, waliomo wanatoka, wa zamu inayofuata wanaingia. Betina amekata miisho elfu moja bila kufikiri. Na ule wa gololi aliukata hivyo hivyo, ila huo kwanza aliuangalia.

Baada ya mdogo kuzimika, picha inatulia. Halafu mdogo anafungua macho. Anainuka! Yule mwenye ushungi uliopasuka anamnyanyua, anamweka begani, mdogo anamchezea ushungi. Ule uzi wa mwanga unaonekana umeshikwa na Mgeni mwingine pembeni, ameuzungusha kwenye kijiti kama mshona viatu. Wanatokea wengine. Wanajipanga. Wanapandisha mikono juu ya kichwa, wanaikunja msalaba, wanainama mara tatu.

Betina alijua hapo hapo. Tena kabla ya hapo alishaanza kujua, tangu dakika ya kwanza, maana kwenye bonde la maji kuna mahali mdogo anageuka na kumbe ni jani tu. Jani! Ndiye paka wao. Watu waliovuka nyota zote zile wameambiwa mleteeni jirani zawadi, wakaleta muvi yao ya kutisha wanayoipenda kuliko zote. Siku ile alicheka peke yake mpaka machozi, akasema hawa ni ndugu zangu kabisa.

Halafu akakata. Kwa sababu ule mwisho unaharibu hofu. Alijiambia atawaambia watu wiki ijayo, wakishatetemeka vya kutosha.

Halafu ikaja ile siku ya nne. Baada ya hapo ungeanzia wapi?

*

Fundi Chengula alikuja Jumatano kuangalia spika.

Ni shemeji yake, mume wa dada yake Tulalumba, fundi wa sola na kila kitu chenye waya, na ndiye mwenye kile kiti mbele. Kila mtu Ikungwe anajua kwa nini. Siku ile ya jua yeye ndiye aliyeongoza wanaume, yeye ndiye aliyemzuia Mnyonya Nuru njia ya kurudi kwenye ukungu. Hawakumpiga sana. Walisimama tu, wakamzunguka, wakaliacha jua lifanye kazi. Tangu hapo Chengula hajawahi kukaa benchi.

"Kamwene, shemeji! Hii spika umeipigia kelele mpaka imepata uziwi," alimsalimia, amelala chali chini ya meza, bisibisi mdomoni. "Kesho unataka isikike mpaka wapi?"

"Shem, kesho nafikiria nisitafsiri."

"Hee! Umeota nini?"

"Nimechoka tu."

"Utachoka Ijumaa. Kesho ukitoa ile sauti yako ya 'leo wa kwao, kesho wako', mikono yote juu." Akacheka, halafu kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Alikaa, akafuta vumbi mikononi. "Nikwambie kitu? Usimwambie dada yako."

"Sema."

"Mimi huwa nalala kwa sababu yako. Silalagi vizuri, ile siku inarudi. Basi naweka kipande chako kwenye simu, nakusikiliza unavyosema, naliona lile dude linavyomfanya yule mtoto, najiambia, Chengula, ulifanya sawa. Halafu ndio nalala."

Betina alikuwa ameshika waya, hajui ameushikia nini.

"Kuna kitu kimoja tu kinanisumbua," Chengula akaendelea, taratibu. "Lilipoanza kukauka, ngozi inachanika hivi kama udongo wa kiangazi, sisi tukajua litaruka litushike. Halikuruka. Lilituangalia mmoja mmoja. Halafu likapandisha mikono hapa," akaweka mikono yake mwenyewe juu ya kofia yake ya sufu, moja juu ya nyingine, msalaba. "Halafu likainama. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ya tatu halikuinuka."

Nje watu walikuwa wanapakia viazi kwenye lori, wanatukanana kwa furaha.

"Nikadhani linaturoga," alisema Chengula. "Wenzangu wote walikimbia, mimi nikabaki. Linaturoga, si ndiyo, shem? Wewe unawajua hawa. Ile alama ni ya uchawi?"

Hapo ndipo Betina alipotishika. Baada ya miaka yote. Kwa sababu aliiona yote kwa mara ya kwanza. Mwigizaji amesikia muvi yake inajaza ukumbi, akashuka mwenyewe kuona watazamaji. Amewakuta wamekasirika. Si ajabu, anayeigiza adui vizuri hata mitaani watu wanamtukana. Basi akafanya kitu pekee anachokijua cha kuwaambia imekwisha, jamani, mimi ni mimi tu. Akainama. Lakini hapa hakuna aliyewahi kuona mwisho. Mwisho ulikuwa kwenye sanduku, chini ya kitanda.

"Shem," alisema.

"Ee?"

Akamwangalia. Mwanaume wa miaka hamsini, kofia ya sufu aliyofumiwa na dada yake, anasubiri aambiwe alifanya sawa. Akikaa kimya, kumi na moja watakauka nyanda za chini na shemeji yake atalala. Akisema, kumi na moja watapona, labda, na huyu hatalala tena. Na aliyemkosesha usingizi siyo yeye Chengula, ni chaki ya Betina pale ubaoni.

"Spika imepona?"

"Imepona. Sikiliza." Akaigonga. Banda zima likatikisika.

*

Alhamisi saa nne ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mtendaji wa kata, Bwana Ilomo, alikuwa na suti na shali, karatasi za mahudhurio mkononi. Ramla na kamera zake pembeni. Chengula kwenye kiti chake. Ukungu ulikuwa umelala mlangoni kabisa kama ng'ombe aliyekataa kutoka.

"Ndugu wananchi," alisema Ilomo, "sitaki kuongea sana, maana tunaye mwenyewe. Kiwewe, tukumbushe."

Betina hakuingia kijichumbani. Alisimama mbele, chini ya skrini, simu mbili mkononi, ile mpya na ile ya ufa. Bila maiki sauti yake ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

"Leo sitafsiri," alisema. "Tafsirini nyie."

"Kiwewe, acha utani!"

"Sina utani. Nyie ni watu wa Ikungwe. Kuna kibanda hapa Tanzania kimeangalia muvi za kutisha kuliko hiki? Nitaweka picha kimya. Nikisimamisha, mniambie kinachofuata."

Ilomo akageuka huku na huku, lakini watu walishaanza kucheka, na kitu watu wa Ikungwe hawawezi kukikataa ni kushindana kutabiri muvi. Picha ikaanza. Mgeni mdogo, bonde la maji. Akasimamisha.

"Yuko peke yake," alisema. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ndiye atakayekufa!" ukumbi ukaitikia.

Ikaendelea. Kivuli. Akasimamisha.

"Anageuka. Kuna nini?"

"Hamna kitu!" mama wa benchi la tatu alipiga ukelele, yule yule wa kila siku. "Ni paka!"

"Huko kwao hakuna paka, mama."

"Basi kitu chochote! Kitu cha kutuchekesha!"

Jani. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi. Hakuna aliyewahi kulicheka lile jani, maana Kiwewe siku zote alikuwa analifunika kwa sauti yake.

"Sasa?"

"Sasa ndio kweli!" walipiga kelele wote, wamesimama nusu, wana raha tele. "Nyuma yake! Hesabu tatu! Moja! Mbili!"

Kwenye tatu, ushungi uliopasuka ukatokea.

Walishangilia. Halafu kelele zikaanza kupungua, benchi moja moja, kama taa zinavyozimika umeme ukikatika mtaa kwa mtaa. Mtu mmoja akakaa. Mwingine akakaa.

"Mmejuaje?" aliuliza Betina.

Watu wakageukiana.

"Nauliza kweli. Mimi nimezika mama, nimezika mume. Kifo hakijawahi kunihesabia tatu. Hiki mmejuaje?"

Yule mama wa benchi la tatu alijibu, sauti ndogo hata haikufanana naye. "Kwa sababu iko kama muvi."

"Ni muvi," alisema Betina. "Ni muvi yao. Nilijua siku ya kwanza. Nikaandika kwenye ubao kama ninavyoandika siku zote, na nikakata mwisho kama ninavyokata siku zote. Mwisho ni huu."

Akakosea waya mara mbili. Halafu ile simu ya ufa ikashika.

Mdogo akafungua macho. Watu wakavuta pumzi. Mwenye ushungi uliopasuka akambeba begani, mdogo akamvuta ushungi, mkubwa akajifanya anaumia. Mwenye kijiti akaonyesha uzi wake. Wakajipanga. Mikono juu, msalaba. Wakainama, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakainuka.

Kwenye kiti cha mbele, Chengula alivua kofia yake.

"Kiwewe," alisema mtu gizani, "kwa hiyo yule wa siku ile..."

"Alikuwa mwigizaji. Alikuja kuona muvi yake."

Bwana Ilomo aliinua karatasi, akazishusha, akaziinua tena. Mtu aliyezoea utaratibu, hata dunia ikipasuka ataulizia ajenda. "Sasa ... wanaokubali hoja ya kuhamisha, wanyooshe mikono."

Mkono mmoja ulipanda. Wa Chengula.

"Umekubali, fundi?"

"Hapana," alisema Chengula. Hakumwangalia shemeji yake. "Naomba irudishwe nyuma. Pale anapoinama."

Betina akairudisha. Waliangalia. "Tena," alisema Chengula. Akairudisha. Mara ya nne simu ya zamani iliishiwa chaji, na bado wote walibaki wanaangalia shuka jeupe la skrini.

Halafu wakaanza kutoka, bila salamu, mmoja mmoja wanaingia kwenye ukungu. Ilomo alihesabu waliobaki, akaandika kwenye fomu yake kwamba akidi haikutimia. Mama wa benchi la tatu alisimama mbele ya Betina muda mrefu, kama anatafuta tusi linalotosha. Hakulipata. Akaenda zake.

Ramla ndiye aliyebaki, macho yamemwiva, kamera bado inawaka. "Dada," alinong'ona, "unajua kwamba hii sasa ndiyo filamu?"

"Ramla, mwanangu. Nenda kapumzike."

Akaenda.

Betina alikaa kwenye benchi. Angeweza kulala pale pale, wiki nzima. Alisikia chuma kinalia: Chengula alikuwa amepiga magoti mbele, spana mkononi, anafungua boliti za kile kiti. Moja ilikuwa imeshika kutu, akaigonga, akaitukana, ikatoka. Boliti ya nne ilipotoka alikibeba kiti kichwani, akapita karibu kabisa na shemeji yake.

"Shem," alisema Betina.

Hakusimama. Mpaka leo hajamsemesha, na dada yake anamsalimia kwa kumtuma mtu. Lakini siku ile Betina aliingia kijichumbani, na kupitia lile dirisha dogo la mgongoni alimwona akizunguka nyuma ya banda, akakanyaga nyasi, akakiweka kiti chini ya dirisha. Kiliyumba. Akatafuta jiwe, akaliweka chini ya mguu mmoja, akakitikisa. Kikatulia. Akaondoka, kofia bado iko mfukoni.

Ijumaa jua liliwaka. Jumamosi ukungu ulishuka, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuangalia muvi, Betina aliweka moja ya zamani, peke yake, kwa sauti yake ile mbovu, na hakukata mwisho. Aliacha majina yapande yote mpaka la mwisho kabisa.

Alipotoka kufunga alizunguka nyuma. Kiti kilikuwa kimeloa kuliko ukungu unavyoweza kulowesha kitu.